Nilimpiga Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Hasira: nne.

Nesi wa kliniki ya presha ndiye aliyenipa daftari hili. "Mama, vidonge peke yake havitoshi," alisema. "Kila siku uandike umekasirika mara ngapi na nani kakukasirisha." Nikamwambia kurasa mia mbili hazitanifikisha mwisho wa mvua. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Haya, ya leo. Kwanza, mvua zimeanza na dari ya ofisi ya kumbukumbu inavuja palepale ilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu, si ya mtu mwingine. Pili, mkuu wetu, Mzee Wino, badala ya kuniletea fundi kaniletea ndoo, tena kwa tabasamu, utadhani kaleta zawadi. Tatu, bibi mmoja kwenye foleni ya mkate kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naweka kodi za magonjwa hospitalini. Akashika kiuno: "Mungu wangu, siku hizi hata kuumwa kunatozwa?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuanzia leo naacha kodi ya Kiingereza, nitasema misimbo, ijapokuwa hakuna anayelielewa neno hilo.

Nne, wifi.

Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki miaka sita iliyopita alituachia nyumba moja: yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, jiko katikati. Anafundisha darasa la kwanza, mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi hivyohivyo. Simpendi, na sioni sababu ya kulidanganya daftari langu mwenyewe. Kaka alipozidiwa hakuniamsha. Nililetewa habari asubuhi kama jirani. Sasa tangu Ijumaa yuko semina ya walimu, na zamu yake ya kuosha jiko kaiacha hivihivi. Ratiba nimeibandika mlangoni pa jiko kwa mkono wangu, tarehe kubwakubwa, asije akasema hakuziona.

Jumatano, 5 Machi
Hasira: mbili.
Ndoo imejaa mara tatu.

Jumamosi, 8 Machi
Hasira: moja.

Mwalimu karudi. Amekonda. Nikamuuliza ni semina gani hiyo isiyolisha watu. Akacheka kidogo, mkono tumboni. "Tumbo tu, wifi. Litapoa." Nikamwambia anywe maji ya moto aache kujilegeza. Akayanywa, akaosha jiko, zamu ya siku mbili kwa mpigo. Alisugua sufuria akiwa ameketi kwenye kigoda.

Jumanne, 11 Machi
Hasira: tatu, moja ni ya zamani.

Niieleze kazi yetu vizuri, maana nesi huenda akasoma. Mgonjwa akitoka wodini, faili lake huja kwetu. Tunasoma alichoandika daktari, tunautafuta ugonjwa kwenye kitabu kikubwa, tunaugeuza kuwa herufi na tarakimu. Huo ndio msimbo, na msimbo ndio unaosafiri. Ghala kuu la dawa halimjui mgonjwa wala daktari wake. Linaujua msimbo, na kwa huo linatoa dawa hii au linanyima ile. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema hasa ni wapi, hasa ni nini. Daktari asipoandika hasa, tunaweka tisa, maana yake haikubainishwa. Ofisini tunasema kupiga tisa. Daktari kaandika ovyo? Mpige tisa. Saa ya kutoka imekaribia na faili ni nene? Mpige tisa.

Leo nimepiga kumi na moja. Moja imenikera mpaka sasa.

Mwanamke, miaka arobaini na sita, jina nisilolijua. Sisi mafaili tunayasoma kutoka nyuma, kwa sababu majibu ya mwisho yako nyuma. Kurasa za mbele, za anwani na ndugu, hatuna haja nazo. Daktari Haraka, yule wa upasuaji, kaandika maneno mawili: "Saratani, tumbo." Tumbo! Kwa watu wetu tumbo ni kila kitu kati ya matiti na mkanda. Chini yake imebanwa karatasi ya maabara: "Seli ndefu, zimelala kama nyuzi. Hazifanani na saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula. Majibu ya nyongeza yatafuata."

Utaratibu unasema hapo usikisie. Jaza fomu ya swali, ile karatasi ya waridi, umpelekee daktari: ni uvimbe wa aina gani, na je, tungoje hayo ya nyongeza? Lakini mimi Daktari Haraka simpelekei tena karatasi ya waridi. Mwezi wa kwanza nilimpelekea moja, akanijibu kwenye korido mbele ya manesi na wafagiaji: "Mama, kazi yako ni kuandika namba, ugonjwa niachie mimi." Miaka ishirini na mbili ya kazi, nikaambiwa vile na mtu ninayeweza kumzaa.

Basi nikaandika: C kumi na sita, nukta, tisa. Saratani ya mfuko wa chakula, haikubainishwa. Akitaka kubainisha, abainishe yeye.

Jumatano, 19 Machi
Hasira: mbili.
Mvua. Mzee Wino kaleta ndoo ya pili.

Jumatatu, 24 Machi
Hasira: tatu.

Mwalimu alikuwa na semina nyingine Alhamisi, ya siku moja. Tangu arudi anatapika. Nimemsikia asubuhi, nikamgongea mlango nikamwambia kama ni ugonjwa wa kuambukiza aseme, mimi nina presha. "Siambukizi, wifi," alisema. Halafu akaongeza, "Samahani kwa kelele." Nikaenda kazini nimenuna na sijui nilimnunia nini.

Jumatano, 2 Aprili
Hasira: moja, kubwa.

Maji ya bafuni yamegoma kupita. Nikadhani ni mvua imeujaza mfereji. Nimeingiza waya, nikavuta bonge la nywele kubwa kama ngumi. Nikapiga kelele: "Hii nyumba si saluni!" Mwalimu katokea, kichwa kimefungwa kitambaa mpaka kwenye nyusi. "Niachie, wifi, nitaziondoa mimi." Akainama. Kuinuka ikawa shida, akashika ukuta kwanza, akangoja, ndipo akasimama. Mimi nimesimama na waya wangu mkononi, namtazama tu.

Nadhani amejitia uchamungu na hicho kitambaa.

Jumatano, 9 Aprili
Hasira: moja.
Mwalimu hajafagia zamu yake, na kesho ana semina tena, ya siku nne. Nimefagia mimi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 15 Aprili

Sitahesabu leo.

Mchana Mzee Wino kaniwekea mafaili ya waliotoka jana. La tatu nikalitambua kwa namba: yule mwanamke wa Daktari Haraka. Amelazwa tena siku nne, anavuja damu ndani, kaongezwa chupa mbili. Dripu za saratani ya mfuko wa chakula amepata raundi mbili. Uvimbe haujapungua. Umekua.

Nikafungua kutoka nyuma kama kawaida. Majibu ya nyongeza yamo, yamepigwa mhuri tarehe kumi na saba Machi. Yamekaa nyuma ya faili mwezi mzima, kwenye rafu yetu na hata wodini. Hakuna aliyeyaulizia kwa sababu hakuna aliyejua kuwa yanangojwa, isipokuwa mimi. Yanasema: si saratani ya kawaida. Ni uvimbe adimu unaoota kwenye ukuta wenyewe wa mfuko wa chakula, kwenye tishu laini. Tafadhali rekebisheni msimbo, mgonjwa apewe vidonge vyake maalumu. Dripu haziuwezi.

Tone likadondoka kutoka darini, likatua juu ya jalada. Nikaligeuza ili nilifute lisilowe, likafunguka mbele. Ukurasa wa kwanza. Jamaa wa karibu.

Jina langu.

Namba ya simu yangu. Niliisoma mara mbili kama mtu asiyejua kusoma. Nikaenda kwenye anwani: nyumba yetu. Nikarudi kwenye jina la mgonjwa, jina la kwao, la babake, ambalo halikubadilishwa kwenye kitambulisho alipoolewa na kaka. Miaka kumi na tisa, tangu aolewe, nakula naye jiko moja na jina la babake silijui. Na kwenye kisanduku cha uhusiano, palipotakiwa aandike wifi, kaandika: "Dada yangu."

Nilikwenda chooni nikafungulia bomba nikalia. Mfagiaji akagonga akauliza kama kuna maiti. Nikamwambia bado kidogo.

Hakukuwa na semina, na zile nywele za bafuni zilikuwa za dripu. Alinificha kwa sababu nafanya kazi palepale, na alijua ningesema nini: ungeniambia mapema, hukuniambia, kama ulivyofanya kwa kaka. Angekuwa mgonjwa na bado angedaiwa maelezo. Ningemwambia hivyo, najijua.

"Tumbo tu, wifi." Nami nikamjibu maji ya moto. Hata nyumbani nilimpiga tisa.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi na mapema nimeshuka maabara ya chini kumwona Bibi Darubini. Watu wanamwogopa, mama wa watu, kisa haongei. Leo kaongea. Kaniketisha mbele ya darubini yake, kaniambia nitazame. Seli zimelala upande mmoja, ndefundefu, zambarau. Nzuri, Mungu anisamehe.

"Hizi hazitokani na ngozi ya ndani ya mfuko wa chakula," alisema. "Zinatoka kwenye ukuta. Ndiyo maana dripu zinapita tu. Kuna vidonge, kimoja kwa siku. Vikianza mapema uvimbe hunywea, wakaukata, mtu akaishi miaka."

"Na visipoanza mapema?"

"Huu tayari unavuja, mwanangu. Ukipasuka mkiwa bado mnajaza makaratasi, hamtauwahi." Akanitazama juu ya miwani. "Hivi hamkupata karatasi yangu ya kwanza?"

Nikasema tuliipata. Sikusema nani.

Kutoka hapo nikaenda na fomu ya waridi kusimama nje ya chumba cha upasuaji. Nimesimama saa tatu nzima. Daktari Haraka katoka na madoa ya damu kwenye viatu, macho mekundu, kavua kofia, nikaona mvi ambazo mwezi wa kwanza sikuziona. Kasoma fomu akiwa wima. Kasoma majibu ya Bibi Darubini. Kaketi chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, katikati ya watu.

"Hii ya nyongeza sikuiona," alisema. "Msimbo ulirudi na idhini ya dripu, nikajua ndiyo hiyo. Kwa nini hamkuniuliza?"

"Ulinikataza, daktari."

"Nani, mimi?"

"Mwezi wa kwanza. Kwenye korido. Ulisema kazi yangu ni kuandika namba."

Akanitazama, anatafuta kichwani kwake. Hakuna. Hakukumbuka. Siku ile niliyoibeba miezi mitatu, ninayopanda nayo ngazi kila asubuhi, yeye hana hata chembe yake. "Inawezekana nilisema," alisema taratibu. "Nikichoka nasema ovyo. Lakini mama, ungeniuliza tu." Akaandika kwa herufi kubwa, mstari mzima, kila neno likisomeka, akasaini. Nilitaka anitukane. Ingekuwa nafuu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mzee Wino hataki.

Robo ya mwaka imekwisha fungwa, takwimu zimekwenda, kubadili msimbo sasa ni kufungua ripoti nzima. "Dada, tungoje Julai. Tutaurekebisha kimyakimya, hakuna atakayeulizwa."

"Mzee, mgonjwa hana Julai."

"Wagonjwa wako wengi, dada."

"Huyu ni wifi yangu."

Kalamu yake ya wino ikawa inachora duara pembeni ya karatasi. Nami nikamwambia yote, mlango wazi, ofisi nzima masikio juu: niliona seli za nyuzi, niliona majibu ya nyongeza yatafuata, nikanuna, nikapiga tisa. Nikamwambia kama anahitaji mtu wa kulaumiwa kwenye barua, jina langu analijua tahajia yake.

Akafungua droo akatoa mhuri. Tumeandika msimbo mpya pamoja. Umo kwenye sehemu nyingine kabisa ya kitabu, ya tishu laini, na una herufi katikati ya tarakimu, kama kosa la uchapaji. Hauna tisa mwishoni. Saa nane umekwenda ghala kuu. Wamejibu vidonge havipo kwenye rafu, vinaagizwa, siku kumi mpaka kumi na nne.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemwambia.

Nilimkuta kitandani na madaftari ya wanafunzi wake, anasahihisha. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo sijawahi kukaa tangu azikwe kaka. Nikaanza na mengine: kwamba nimeona faili, kwamba najua. Hakushtuka. Kisha nikasema, "Msimbo wa kwanza ni mimi niliyeuandika. Nilikosea. Sikukosea, niliacha makusudi kuuliza. Umetiwa dripu za bure wiki hizi zote kwa ajili ya kiburi changu."

Alifunga daftari alilokuwa anasahihisha. Mvua inapiga bati.

"Nilijua ni wewe uliyeandika," alisema.

"Ulijuaje?"

"Fomu ya dawa walinipa mkononi niipeleke dirishani. Nikaiona ile tisa." Akanyoosha kidole kuelekea jikoni, kwenye ratiba yangu mlangoni. "Tisa yako ina mkia umepinda kama ndoano. Ungekuwa darasani kwangu ningekurudisha uandike ukurasa mzima." Akatabasamu, midomo imekauka. "Nilikuwa na hofu siku ile, wifi. Nikaiona tisa yako nikasema, afadhali. Niko mikononi mwa mtu wa kwetu."

Nilitamani ardhi inimeze na haikunimeza. Nilimwambia anitukane. Akasema hana nguvu ya kutukana na kusahihisha kwa pamoja, nichague moja, nikachukua nusu ya madaftari. Watoto wake wanaandika sita na tisa wakizipindua. Nimesahihisha ishirini na nane.

Nikiondoka akasema, "Na ile siku ya kaka yako, yeye ndiye aliyenikataza nisikuamshe. Alisema una presha."

Miaka sita, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Jumanne, 22 Aprili
Vidonge havijafika. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili
Havijafika. Nimepiga simu ghala kuu mara nne. Sauti ya msichana imeanza kunitambua: "Ni mama wa herufi katikati?" Nimemwambia ndiye.

Jumatatu, 28 Aprili
Havijafika. Mwalimu kanywa uji vijiko sita. Zamu zote nimejiandikia mimi, akazikata kwa kalamu nyekundu na kujirudishia moja: kukunja nguo.

Ijumaa, 2 Mei
Hasira: hakuna.

Vimefika! Boksi jeupe, dogo, unaweza kulifunika kwa kiganja. Daktari Haraka kalileta mwenyewe ofisini kwetu, ngazi mbili mbili, jina lake halikumkosea. Nimekwenda nyumbani mbio kwenye mvua, mimi na umri wangu, boksi nimelificha kifuani. Mwalimu kakimeza cha kwanza na chai. "Kina ladha gani?" nikamuuliza. "Ya makaratasi," alisema, tukacheka mpaka akashika tumbo.

Jumanne, 6 Mei
Cha tano. Macho yamevimba kidogo. Daktari Haraka anasema ni kawaida, ni dawa inafanya kazi.

Ijumaa, 9 Mei

Cha nane. Ameomba mkate. Ameula wote! Nilimsimamia mlangoni nikijitia napanga vyombo. Kisha akanifundisha kuandika tisa: duara kwanza, funga, halafu mkia ushuke moja kwa moja, usipinde. Nimeshindwa. Kasema mkono wangu una kichwa kigumu kama mwenyewe.

Naona aibu kuandika hivi, lakini nimeanza kupanga. Uvimbe ukinywea waukate mwezi wa nane. Mwezi wa tisa arudi darasani.

Jumatatu, 12 Mei
Cha kumi na moja. Mvua imepungua.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi, saa moja na nusu. Nilikuwa nachemsha maji. Alikuja mlangoni pa jiko akasema, "Wifi, kizunguzungu," akashika ratiba, ikabanduka naye.

Uvimbe ulipasuka. Daktari Haraka alikuwa naye mezani kabla ya saa tatu. Nilikaa kwenye benchi, palepale niliposimama na fomu ya waridi. Damu ilitafutwa, chupa tano, sita. Bibi Darubini alipanda kutoka chini akaketi kando yangu, mkono wake juu ya wangu. Saa tano na robo Daktari Haraka akatoka akitembea polepole. Sijawahi kumwona akitembea polepole. Nikajua.

Cha kumi na mbili kilikuwa bado kwenye kisosi chake, kando ya kikombe.

Jumatano, 14 Mei
Tumemzika karibu na kaka. Darasa la kwanza lote lilikuja, limeshikana mikono, wawiliwawili.

Jumatatu, 19 Mei

Nimerudi kazini. Nilimfuata Daktari Haraka nikamuuliza bila kuzunguka: zile wiki saba, kutoka tisa yangu mpaka boksi kufika, ndizo zilizomuua?

Hakukimbia swali. "Mama, sijui. Vidonge vingeanza Machi huenda uvimbe ungenywea, na huenda ungepasuka vilevile. Ulikuwa mkubwa siku ya kwanza. Hakuna atakayekwambia kwa hakika."

Haikubainishwa. Ndivyo itakavyokaa mpaka naingia kaburini.

Jumatatu, 26 Mei
Hasira: moja.

Faili lake limekuja kufungwa. Mzee Wino alitaka kulipeleka meza nyingine. Nikamwambia alete hapa.

Nimelifungua kutoka mbele. Nimesoma kila ukurasa. Ugonjwa nimeuandika wote, na herufi yake katikati. Mahali: ukuta wa mfuko wa chakula. Sababu ya kifo, kama alivyoandika Daktari Haraka, mistari minne, kila neno linasomeka.

Kisanduku cha mwisho kwenye fomu ya vifo kinauliza: "Kama tiba ilichelewa, sababu ya kuchelewa." Kuna misimbo yake: moja ni usafiri, mbili ni mgonjwa kukataa, tatu ni dawa kukosekana, na kuendelea mpaka tisa. Nimekaa nalo muda mrefu. Mzee Wino kaja kasimama nyuma yangu. Kaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

"Piga tisa, dada," alisema kwa upole. "Umekwisha teseka vya kutosha. Piga tisa, tulifunge."

Alikuwa ananihurumia kweli, na hilo ndilo lililonipandisha hasira moja ya leo. Nikamwomba kalamu yake. Hakuna msimbo wa jambo hili, kwa hiyo nimeliandika kwa maneno, nje ya kisanduku, pembeni palipobaki: "Karani wa misimbo aliona majibu hayajakamilika. Hakuuliza." Nikaandika jina langu lote na la baba yangu, na tarehe, nikamrudishia kalamu.

Nimefika nyumbani jua bado lipo. Mvua zimekatika, na dari ya ofisi fundi kaja leo, baada ya yote. Nimeoga. Maji ya bafuni yalipita yenyewe, na mfereji ulikuwa safi.